Alama za watoto wa watu ndani ya kompyuta ya mama

Mwanachuo aligonga mlango wa ofisi ya wakufunzi saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya alama za majaribio kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Aliamkia, kisha akabaki amesimama karibu na mlango kama mtu asiyejua amekuja kushtaki au kushtakiwa.

"Mwalimu, mimi jaribio la pili sikufanya. Nilikuwa nimelazwa. Lakini ubaoni nimeona nina 17."

Mkufunzi, mama wa makamo anayefundisha katika chuo kimoja cha ualimu, alitabasamu. Katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona mwanachuo anayekuja kulalamikia alama za bure. Kisha tabasamu likaisha lenyewe. Kama huyu amepewa 17 zisizo zake, basi mwenye 17 hizo amepewa kitu kingine.

Hakungoja sana. Kabla ya chakula cha mchana aliingia binti mmoja, miongoni mwa wanaofanya vizuri darasani, macho yamevimba. Ubaoni alikuwa na 4 kati ya 20. Usiku uliopita baba yake alipiga simu kuuliza matokeo, naye akamsomea kama yalivyo. Baba huyo alikuwa ameuza mbuzi kukamilisha ada ya muhula ule. Maneno aliyoambiwa kwenye simu binti hakutaka kuyarudia.

Mama alifungua kompyuta na kutazama orodha. Majina 112, yamepangwa vizuri kwa alfabeti, kila moja na namba yake ya usajili. Lakini karibu kila aliyemfahamu alikuwa amebeba alama za mtu mwingine.

Chanzo kilikuwa nyumbani kwake, Jumapili jioni.

Siku hiyo alikuwa sebuleni, kompyuta mpakato ya chuo ikiwa juu ya meza ya chakula, akimalizia kuingiza alama za jaribio la tatu kwenye jedwali la Excel. Mkuu wa idara alitaka orodha ipangwe kwa alfabeti, naye aliandika majina kwa mpangilio wa usajili. Akaanza kukata jina moja moja na alama zake na kulihamishia mahali pake. Alipofika jina la tisa, mwanawe wa kidato cha pili alipita na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Napanga majina."

"Moja moja? Hebu nipishe mama, nikufanyie mara moja."

Akashika kipanya. Mshale ukakimbia huku na huku, jedwali likapepesa, na majina yote yakawa yamejipanga. Hazikupita sekunde tano. Mama alicheka kwa furaha, akamwombea mwanawe baraka, akahifadhi faili, akalituma kwa mkuu wa idara, akafunga kompyuta na kwenda kutazama wali jikoni.

Hapo hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Mtoto alisaidia, mama alishukuru. Nyumba nyingi zenye mtumishi wa chuo au shule hupitisha Jumapili namna hiyo.

Kilichotokea ndani ya faili ni hiki. Mama alikuwa ameacha safu moja tupu kati ya majina na alama, ili jedwali lisibanane na macho yapate pa kupumzikia. Kwa mtu anayelitazama, hilo ni jedwali moja lenye nafasi katikati. Kwa Excel ni majedwali mawili yaliyokaa jirani. Ikiambiwa ipange majina, hupanga upande ule wa majina mpaka inapokutana na safu tupu, na hapo huishia. Namba za usajili zilihama pamoja na wenyewe kwa sababu zilikuwa upande huohuo. Alama zilibaki palepale zilipokuwa.

Kibaya zaidi, haikutoa onyo. Kama safu zingekuwa zimegusana na mtu akachagua safu ya majina peke yake, programu ingeuliza kwanza: nihamishe na safu za jirani, au hii tu? Swali hilo huokoa wengi, ijapokuwa wengi hubonyeza haraka bila kulisoma. Kwenye jedwali lenye pengo, Excel haioni sababu ya kuuliza chochote.

Wala kitufe cha kutengua, yaani Ctrl pamoja na Z, hakikuweza kusaidia siku ile ya ubaoni. Kitufe hicho hukumbuka hatua zilizofanyika faili likiwa wazi. Likishafungwa, kumbukumbu hiyo nayo imekwenda.

Kinga yake haihitaji utaalamu. Anayetaka jedwali lipumue apanue upana wa safu, asiache safu tupu. Kabla ya kupanga chochote, ahifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Halafu achague watu watatu, mmoja wa juu, mmoja wa katikati na mmoja wa chini, aandike alama zao kwenye karatasi. Akishapanga, awatafute hao watatu. Kama alama zao zimewafuata, na wengine zimewafuata. Ni njia ya kizamani, haili bando, na ingemkuta mama palepale mezani kabla wali haujaiva.

Asije mtu akadhani mambo haya ni ya walimu wasiojua kompyuta. Oktoba 2020, wakati wa Uviko-19, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iligundua kwamba watu 15,841 waliokutwa na maambukizi hawakuingia kwenye hesabu za kila siku. Majibu yao yalikuwa yakipitishwa katika aina ya zamani ya faili la Excel, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi hapo yaliachwa nje kimyakimya. Mwaka huohuo, wanasayansi wanaosimamia majina ya vinasaba vya binadamu walibadilisha majina ya baadhi yake kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Kinasaba kilichoitwa MARCH1, kwa mfano, kilisomwa kama tarehe mosi ya Machi.

Ukorofi huohuo upo kwenye madaftari ya alama. Mkufunzi akiandika 3/4, akimaanisha alama tatu kati ya nne, hukuta programu imemwandikia tarehe. Akiingiza namba ya simu ya mzazi inayoanza na 07, ile sifuri hupotea, na siku ya dharura namba inayopigwa si namba. Dawa ni kuanza na alama ya ritifaa kabla ya kuandika tarakimu, au kuiambia programu mapema kwamba safu hiyo ni ya maandishi. Jambo la dakika moja, ila mtu hawezi kulijua kama hakuna aliyemwambia.

Na hapo ndipo kwenye kiini cha mkasa wa mama huyu. Chuo chake kina ofisi ya TEHAMA, hatua mia mbili kutoka ofisini kwake. Orodha ile angeweza kuipeleka huko Jumatatu asubuhi na kuelekezwa. Hakuwa amekanyaga pale kwa miaka mitatu.

Miaka mitatu nyuma alisimama mbele ya darasa lenye watu zaidi ya themanini, projekta ikiwa imewaka lakini ukutani kuna maandishi tu kwamba hakuna kinachoingia kutoka kwenye kompyuta. Akaomba msaada. Akaja kijana wa TEHAMA, akabonyeza kitufe kimoja, picha ikatokea, akasema kwa sauti, "Madamu, kumbe ilikuwa hii tu?" Darasa likacheka. Kijana wa watu hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku ile mama alirudi kwenye chaki, na shida zote za kompyuta akazihamishia nyumbani, kwa mwanawe, ambako hakuna anayecheka.

Walioko kwenye kazi hiyo wanajua kwamba tatizo lile la projekta ni la kila wiki, na karibu kila mara sababu ni moja kati ya tatu. Waya haujakaa sawasawa. Au projekta inasikiliza tundu lisilo lile ulilochomeka waya, na dawa ni kitufe cha kuchagua chanzo kilicho juu ya projekta au kwenye rimoti yake. Au kompyuta yenyewe haijaambiwa itoe picha nje. Hii ya tatu hutibiwa kwa kubonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, na hapo huja chaguo nne: picha ibaki kwenye kompyuta tu, ionekane sawa pande zote mbili, ukuta uwe kama skrini ya pili, au ionekane ukutani peke yake. Wengi huhitaji lile la pili.

Waya wenyewe ni wa aina mbili zilizozoeleka. Ule wa zamani, VGA, mara nyingi una kichwa cha buluu chenye pini 15 na skrubu mbili za kukaza. Huo haupitishi sauti, kwa hiyo video itaonekana ikiwa bubu mpaka uchomeke spika. HDMI ni mwembamba zaidi, hupitisha picha na sauti pamoja. Kompyuta nyingi mpya hazina tena tundu la VGA, na projekta nyingi vyuoni bado zinalo, ndiyo maana mkufunzi mwenye kiunganishi kidogo mkobani huonekana bingwa. Tena, projekta ya taa isizimwe kwa kuchomoa umeme ghafla. Feni yake huendelea kuzunguka kupooza taa, iachwe imalize.

Chaguo lile la tatu, la kufanya ukuta kuwa skrini ya pili, lina faida ambayo wenye familia wangeipenda. Wanafunzi huona kile tu ulichokisogeza upande wao. Mkufunzi mmoja, baba wa watoto wanne, alikuwa akifundisha huku WhatsApp ikiwa wazi kwenye kompyuta na picha ikionekana pande zote mbili. Ujumbe wa nyumbani ukachomoza kwenye kona ya ukuta, herufi kubwa za kusomeka mpaka nyuma ya darasa: gesi imeisha, mwenye nyumba amekuja tena, na wewe hupokei simu. Mada ya siku hiyo ilikuwa maandalio ya somo. Hakuna aliyeikumbuka.

Kama WhatsApp imefunguliwa kwenye kompyuta ya darasani, ambayo atakuja kuitumia mwingine, kufunga dirisha hakutoshi. Kwenye simu kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Humo utaona kila kompyuta inayosoma ujumbe wako, na utaiondoa hapohapo. Mzazi anayeifungua sehemu hiyo leo kwa mara ya kwanza huenda akakuta kifaa asichokikumbuka.

Siku ile ya binti mwenye macho mekundu, mama hakuwa na hiari tena. Alibeba kompyuta na flashi yake, akaenda TEHAMA. Yule kijana alikuwa amehamishwa. Alimkuta dada mmoja, mwajiriwa mpya, umri wa binti yake wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeharibu."

Dada yule hakuuliza ameharibu nini. Alivuta kiti akakiweka pembeni, akamwachia mama kiti kilicho mbele ya skrini. "Kaa hapo mama, unioneshe."

Alama za majaribio mawili ya kwanza zilikuwepo kwenye karatasi, kwa kalamu, ndani ya droo ya mezani. Hizo hazikumpa mtu hofu. Za jaribio la tatu mama aliziingiza moja kwa moja kwenye kompyuta na karatasi za majibu akawarudishia wanachuo. Nakala pekee iliyotangulia ile Jumapili ilikuwa kwenye flashi, aliyoihifadhi Ijumaa karibu na kumaliza kuingiza. Akaichomeka. Folda zote zilikuwepo kwa majina, lakini kila moja ilikuwa na kimshale kidogo kwenye pembe ya picha yake, na ukubwa wake ulikuwa karibu na sifuri.

Mama aliweka mkono kichwani. Alisogeza mshale afungue.

"Usibonyeze hapo mama," dada alisema. "Hizo si folda zako. Zako zipo, zimefichwa."

Hicho ni kirusi kinachofahamika sana kwenye kompyuta za umma, na mama alikikumbuka kilikotoka mara alipoulizwa: alichapisha mtihani kwenye steshenari ya mjini Jumamosi. Kirusi cha aina hii huficha folda halisi na kuacha mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayebonyeza njia hiyo ya mkato huona folda yake ikifunguka kama kawaida, na wakati huohuo amekiamsha kirusi kihamie kwenye kompyuta yake. Watu wengi wakiona hivyo huifuta flashi nzima, na hapo ndipo wanapopoteza kweli kazi ambayo ilikuwepo muda wote.

Dada alimwelekeza kwa mdomo. Fungua menyu ya mwonekano kule juu. Weka alama ya vema panapohusu vitu vilivyofichwa. Haikutosha, kwa sababu kirusi kilikuwa kimezivisha folda vazi la faili za mfumo, kwa hiyo wakaingia ndani zaidi kwenye mipangilio na kuruhusu na hizo zionekane. Folda za mama zikajitokeza, rangi yake imefifia kidogo kama nguo iliyoanikwa juani siku nyingi. Ya matokeo ilikuwa ya tatu. Wakanakili faili lile peke yake, wakalipitisha kwenye programu ya kuua virusi, kisha flashi ikasafishwa.

Kwenye faili la Ijumaa walikosekana watu sita tu, wale aliowaingiza Jumapili kabla ya chai ya mtoto. Wote sita waliitwa wakaja na karatasi zao.

Tangu siku hiyo mama ana flashi mbili. Moja ya steshenari, haina kitu zaidi ya kile kinachokwenda kuchapishwa. Nyingine haitoki nyumbani na ofisini. Faili la alama analituma pia kwenye barua pepe yake ya kikazi kila anapomaliza kazi ya siku. Jedwali la watu 112 ni dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo halili bando la kuogopa. Barua pepe ya kikazi, si ile ya binafsi iliyofunguliwa kwenye simu ambayo mtoto wa mwisho huchezea michezo.

Yapo mambo mawili aliyoyafanya siku ileile ambayo hayana uhusiano na vitufe, lakini yalimgharimu zaidi.

La kwanza, alimwandikia mkuu wa idara barua ya nusu ukurasa, akaeleza kwamba alama zilizobandikwa zina makosa, kosa limetokea wakati wa kupanga majina, na orodha sahihi ameiambatisha. Angeweza kusema mfumo ulisumbua. Kila mtu vyuoni amewahi kusikia kwamba mfumo umesumbua, na hakuna anayeuliza mfumo upi. Karatasi ya ubaoni ikabanduliwa kabla ya saa kumi.

La pili, binti aliomba jambo moja tu: mwalimu aongee na baba yake. Mama akapiga.

"Habari za leo baba. Mimi ni mwalimu wa binti yako. Zile alama alizokusomea jana si zake. Ni kosa langu mimi, si lake. Yeye ana 17."

Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda. Kisha sauti ikauliza, "Yupo hapo karibu, mwalimu? Naomba niongee naye."

Mama akampa binti simu, akatoka nje ya ofisi.

Kwa wazazi ambao kompyuta ya kazini hulala nyumbani, habari hii ina upande mwingine. Alama zile hazikuwa za mama. Zilikuwa za watoto wa watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei mosi 2023, na taarifa za elimu ya mtu zimo miongoni mwa zinazolindwa. Sebuleni hakuna anayekumbuka sheria. Kompyuta ikishawekwa juu ya meza ya chakula, machoni pa watoto ni kompyuta ya nyumbani, sawa na rimoti ya televisheni. Mmoja atatazama katuni, mwingine atafanya kazi ya shule, binamu aliyekuja likizo atachomeka flashi yenye nyimbo.

Si lazima kuwafukuza. Mtoto anayejifunza kompyuta nyumbani ana bahati, na si kila familia inaweza kununua ya pili. Windows huruhusu watu kadhaa kuwa na akaunti zao kwenye mashine moja, kila mmoja na nywila yake na faili zake; kuifungua akaunti ya watoto ni kazi ya dakika chache ndani ya mipangilio, ingawa kwenye kompyuta ya chuo ni ofisi ya TEHAMA yenye ruhusa ya kufanya hivyo, na kuna vyuo visivyoruhusu kabisa. Vikikataa, basi vimekataa. Anayeinuka kwenda jikoni abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L, skrini ijifunge. Na nywila isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ndiye wa kwanza kuijaribu.

Linabaki suala la mikono. Mtoto yule wa kidato cha pili alijua kupanga majina, lakini hakujua zile alama ni za nani. Mama alijua wenye alama, hakujua kupanga. Kosa lilipita pale kipanya kilipohama mkono, kwa sababu aliyekishika hakuwa na namna ya kuona kwamba binti anayepata 17 sasa ana 4, na aliyeweza kuliona hilo alikuwa amesogea kando, akishangilia kasi. Mtaalamu wa Marekani Phil Agre aliandika miaka ya 1990 ushauri mfupi wa namna ya kumsaidia mtu kwenye kompyuta, na ndani yake alisisitiza kwamba msaidizi asichukue kibodi, amwache mwenye shida abonyeze mwenyewe hata akiwa mzito. Dada wa TEHAMA huenda hajawahi kuusoma. Alikuwa amekaa tu pembeni, mikono mapajani, akisema juu, hapana, kushoto kidogo, hapo.

Ni vigumu kuliko inavyosikika. Mwenye kujua huona uvivu wa mwenzake kama mateso, vidole humwasha. Kijana wa projekta alishindwa, na alikuwa amesomea kazi hiyo. Mtoto wa miaka 15 atashindwa zaidi. Ndiyo maana ni mzazi anayetakiwa kukishikilia kipanya chake, hata kama anaombwa kwa upendo apishe.

Kijana aliambiwa yote jioni ile, na mama hakumgombeza. Alimwonesha faili la Jumapili na faili la Ijumaa, yakiwa wazi pamoja, akamwambia atafute safu tupu. Aliiona haraka kuliko mama alivyoiona. Akakaa kimya, kisha akauliza yule mgonjwa wa 17 ilikuwaje, na mama akamweleza kwamba aliirudisha mwenyewe na atafanya jaribio lake wiki ijayo.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na orodha nyingine ya kupanga, ya darasa la jioni, watu 46. Kijana alisimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni.

"Hapo juu, mama. Hapana, mstari wa pili. Umepita. Rudi."

"Usinikimbize."

"Sikukimbizi. Kabla hujabonyeza, umeandika watu wako watatu?"

Mama alitazama mezani kutafuta kalamu. Ilikuwa nyuma ya sikio lake. Iliwachukua dakika 11.